Njia Iliyoezekwa: Uhakiki wa Galleria ya Milano

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa desturi methali hii hutumiwa kumwonya mtu asidanganywe na sura ya nje. Liko jengo moja katika mji wa Milano, kaskazini ya Italia, ambalo limeitii methali hii kwa namna isiyotarajiwa: ndani yake palifunguliwa kwa watu katika mwaka wa 1867, bali mlango wake mkuu haukukaribia kukamilika ila baada ya miaka kumi kupita, tena kwa kumgharimu uhai mtu yule yule aliyeubuni. Jengo hilo ni Galleria Vittorio Emanuele II. Si soko, wala si jumba, wala si njia kama njia nyingine za mji, bali lina sehemu ya kila kimoja katika hivyo vitatu: ni njia mbili zilizokatana msalaba, kandokando yake maduka na mikahawa, na juu yake paa la chuma na kioo.

Majengo ya namna hii yamesifiwa sana na wasafiri, na kulaumiwa si haba na wenye falsafa. Wasafiri husifu uzuri. Wenye falsafa hulaumu biashara iliyojificha nyuma ya uzuri huo. Pande zote mbili zina haki kwa kiasi chake, lakini kila upande husema kana kwamba jengo lina neno moja tu la kusema. Swali lililo gumu, na lenye faida zaidi kwa mwanafunzi wa sanaa, ni hili: Je, Galleria ni njia ya watu wote ambayo ndani yake mna maduka, au ni duka kubwa lililojivika sura ya njia? Tofauti ya mambo haya mawili si tofauti ya maneno. Katika njia, kila mtu ana haki ya kupita, kusimama na kutazama, mwenye fedha na asiye nazo. Katika duka, asiyenunua ni mgeni anayevumiliwa kwa muda. Jibu la swali hili halipatikani kwa kuwauliza wenye maduka. Sharti lisomwe katika jengo lenyewe, kama maana ya shairi inavyosomwa katika mpango wa beti zake, na si katika sifa za mtunzi peke yake.

ASILI YAKE

Ushoroba wa maduka ulioezekwa kwa kioo ulishika mizizi Paris karibu na mwaka wa 1800. Wakati huo njia nyingi za mji ule zilikuwa nyembamba na zenye matope, hazina kando ya kupitia watu wa miguu, na magari ya farasi yalimtia hofu kila mpitaji. Wenye viwanja wakaona faida iliyo karibu: wakakata njia katikati ya majengo yao, wakaziezeka, wakapangisha vyumba vya chini kwa wenye maduka. Passage des Panoramas ni mfano mmoja wa njia hizo uliobaki hata leo. London ikafuata. Burlington Arcade ilifunguliwa mwaka wa 1819 kando ya nyumba ya Lord George Cavendish, kwa mchoro wa Samuel Ware. Ushoroba huo una malango yanayofungwa usiku, na una walinzi wake wenyewe wenye sare, ambao kwa kanuni za kale huwakataza wapitaji kukimbia na kupiga mluzi. Brussels ikajenga wa kwake, uliofunguliwa mwaka wa 1847 na kubuniwa na Jean-Pierre Cluysenaer, wenye urefu unaozidi meta 200.

Watu wa Milano waliyajua majengo haya, lakini haja yao haikuwa sawa na haja ya waliowatangulia. Katika mwaka wa 1859 utawala wa Austria uliondolewa katika jimbo la Lombardia, na katika mwaka wa 1861 Ufalme wa Italia ukatangazwa. Milano ulikuwa mji tajiri, bali makao makuu ya ufalme mpya yalikuwa Torino, kisha yakahamia Firenze, na mwisho Roma. Mji usio na kiti cha enzi ukataka jengo litakalosema kwamba nao una sehemu katika taifa. Ikaamuliwa kukatwa njia mpya itakayotoka kwenye uwanja wa kanisa kuu mpaka kwenye uwanja wa La Scala, nyumba ya opera iliyofunguliwa mwaka wa 1778, na njia hiyo ipewe jina la mfalme. Kazi akapewa Giuseppe Mengoni, msanifu aliyezaliwa mwaka wa 1829 katika kijiji cha Fontanelice, karibu na Bologna. Mfalme mwenyewe aliweka jiwe la msingi tarehe 7 Machi 1865, na tarehe 15 Septemba 1867 Galleria ikafunguliwa. Miaka miwili na nusu kwa kazi kubwa kama ile ni mwendo wa kustaajabisha.

Mwendo huo ulikuwa na bei yake. Katika uwanja wa kanisa kuu palikuwa na jengo la kale lililoitwa Coperto dei Figini, lililojengwa katika karne ya 15, lenye matao ambayo chini yake watu wa Milano walifanya biashara na kuzungumza kwa karibu miaka 400. Lilibomolewa katika miaka ya 1860 ili kuupisha mpango mpya. Hivyo kivuli cha kale cha wachuuzi kiliondolewa kwa ajili ya kivuli kipya cha matajiri. Fedha nazo hazikuwa za Milano tupu. Bahati nasibu iliyoidhinishwa na serikali haikutosha, na ujenzi ukachukuliwa na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa City of Milan Improvement Company Limited. Kazi ya chuma cha paa ilifanywa na karakana ya Kifaransa. Jengo lililokusudiwa kuwa sauti ya taifa lilisemeshwa kwa mtaji wa Waingereza na chuma cha Wafaransa. Kampuni haikufanikiwa, na katika mwaka wa 1869 halmashauri ya mji ikainunua Galleria. Tangu hapo ni mali ya mji. Jambo hili la umiliki laweza kuonekana dogo, lakini mbele litaonekana kuwa ndilo nusu ya jibu.

UMBO LAKE

Mpango wa Galleria ni msalaba. Mkono mrefu, unaotoka kanisani kwenda La Scala, una urefu wa meta 196 hivi. Mkono mfupi una meta 105 hivi. Upana wa njia ni meta 14 na nusu. Mikono inapokutana, pembe nne za majengo zimekatwa, nafasi ikapata umbo la pembenane, na juu ya pembenane hiyo limeinuliwa kuba la kioo ambalo kimo chake ni meta 47. Paa la mikono ni la mviringo kama nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, nalo ni chuma na kioo kitupu.

Anayeingia kwa mara ya kwanza huona jambo moja kabla hajalitambua: kuta za ndani si kuta za ndani. Zina madirisha yenye vizingiti vya kuchongwa, zina roshani, zina nguzo zilizobanwa ukutani, zina sanamu zilizobeba mapambo mabegani, na juu kabisa zina ukingo kama ule wa nyumba zinazotazama njia kuu. Kwa neno moja, ni nyuso za nje za nyumba. Mengoni alizichukua nyuso ambazo mji huuonyesha ulimwengu, akazielekeza ndani, kisha akazifunika. Hapo ndipo ulipo ubunifu wake. Katika Burlington mpitaji hujiona yumo katika chumba kirefu. Katika njia nyembamba za Paris hujiona yumo katika uchochoro uliopambwa. Katika Galleria yu nje na ndani kwa wakati mmoja: macho yanayotazama mbele humwambia yu njiani, na macho yanayotazama juu humwambia yu nyumbani.

Wako waliolikosoa jambo hili kwa ukali. Husema kwamba paa ni la karne ya viwanda, ndugu wa mapaa ya stesheni za reli, ilhali kuta zimevaa joho la karne ya 16, na kwamba msanifu mkweli angechagua moja, ama akajenga kwa chuma chote kionekane, ama akajenga kwa mawe na matao ya kale. Lawama hii ina nguvu ikiwa shabaha ya jengo ni kuonyesha namna lilivyojengwa. Lakini shabaha ya Galleria ilikuwa nyingine. Kama kuta zingekuwa za chuma na kioo, watu wangekuwa ndani ya ghala zuri. Kama paa lingekuwa la mawe, watu wangekuwa ndani ya ukumbi wenye giza. Ni kwa sababu vitu hivi viwili havifanani ndipo mpitaji hupata hali ile ya kuwa njiani na nyumbani pamoja. Yapata tani 350 za chuma zilitumika juu, na chuma chote hicho hakijaribu kuonekana kizito; hufanya kazi moja, nayo ni kulishika anga lisiingie na mvua yake. Mgongano wa paa na ukuta ndio mwanzo wa maana ya jengo, wala si kosa la mjenzi.

Umbo la msalaba nalo limeleta maneno mengi. Kanisa kuu lipo hatua chache tu, ujenzi wake ulianza mwaka wa 1386, nalo lina msalaba wake. Basi ikasemwa kwamba Galleria ni hekalu la biashara: imeiba mpango wa kanisa, ikampa mali nafasi ya Mungu. Tashbihi hii hupendwa kwa sababu ni rahisi, na mambo rahisi hukubaliwa haraka. Lakini atakayeifuata mpaka mwisho ataona kwamba haimalizii mahali inapotaka. Katika kanisa la msalaba, mikono yote hukusanya macho ya watu kuelekea madhabahu. Ikiwa Galleria ni hekalu la mali, basi chini ya kuba, mahali panapotukuzwa kwa mwanga mwingi na kimo kikubwa kuliko pote, ingepasa pawekwe kitu cha kuabudiwa: bidhaa iliyo ghali kuliko zote, au japo duka lililo kubwa. Hapana kitu. Pana sakafu tu, na watu. Pembenane nzima imeachwa tupu. Palipo na thamani kubwa kuliko pote katika nyumba hii ya kuuzia, hapauzwi kitu.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hukumu juu ya jengo hili. Msanifu mwenye hesabu za duka asingeacha sakafu kubwa namna ile bila kodi. Mengoni aliiacha, na kwa kuiacha alitamka kwamba maduka ni kingo za njia, si mwisho wake. Msomaji aliyekulia katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki hatapata shida kulifahamu jambo hili, kwa sababu analijua baraza la mbele ya nyumba, ambalo limejengwa na mwenye nyumba, likaunganishwa na ukuta wake, na hata hivyo hapana mpitaji anayeulizwa ana shughuli gani akikaa juu yake. Pembenane ya Milano ni kubwa mara nyingi kuliko baraza, wala haina viti, lakini adabu yake ni hiyo hiyo.

MAPAMBO YAKE

Umbo likiisha kusomwa, yafaa yasomwe mapambo, kwa kuwa mapambo ndiyo maneno ambayo jengo huyatamka kwa sauti. Sakafuni, chini ya kuba, pana nakshi za vijiwe vya rangi. Katikati pana nembo ya nasaba ya Savoia, na pembeni pana nembo za miji minne: mbwa mwitu jike wa Roma, yungiyungi la Firenze, fahali wa Torino, na msalaba mwekundu wa Milano. Maana yake haihitaji mfasiri. Miji mitatu ya kwanza ndiyo iliyokuwa makao makuu ya ufalme kwa zamu. Mji wa nne haukuwa, nao umejiweka katika safu yao.

Maneno hayo rasmi ya sakafu yamepewa jibu na miguu ya watu. Ipo desturi kwamba mtu akiweka kisigino juu ya fahali wa Torino, mahali pa uzazi wake, akazunguka mara tatu, atapata bahati njema. Desturi hii imechimba shimo katika nakshi, nayo hutengenezwa tena na tena, na kila ikitengenezwa huchimbwa upya. Wako wanaoona jambo hili ni upuuzi wa watalii. Lakini linaonyesha tabia ya mahali. Dukani hapana mtu athubutuye kuzunguka juu ya sakafu ya mwenyewe mpaka akaitoboa. Njiani watu huacha alama zao, na mji hulipa gharama ya kuzifuta.

Juu, mambo yanabadilika. Katika miisho ya mikono ziliwekwa picha za Sanaa, Sayansi, Kilimo na Viwanda. Na katika pande nne za pembenane, chini ya kuba, katika nafasi zilizo kama nusu duara, ziliwekwa picha za mabara manne: Ulaya, Asia, Afrika na Amerika. Mwanzo zilikuwa picha za rangi ukutani, na baadaye zikafanywa upya kwa vijiwe. Kila bara limepewa sura ya mtu, nafasi iliyo sawa na kimo kilicho sawa. Kwa mpango, basi, picha hizi zasema usawa: dunia nzima imekutana chini ya paa moja la Milano, hapana bara lililotangulia wala lililobaki nyuma.

Mhakiki hana budi kusita hapa. Usawa wa nafasi ukutani si usawa wa sauti. Mabara matatu katika hayo manne hayakualikwa kusema; yalichorwa na wasanii wa Italia, kwa fikira za Italia, ili kuupamba mji uliokuwa ukitazama biashara ya mbali. Tena picha hizi hazikubaki picha. Galleria ilifunguliwa mwaka wa 1867. Katika mwaka wa 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka huo huo kampuni ya meli ya Rubattino, ya mji wa Genova, ikanunua ardhi katika ghuba ya Assab, penye mwambao wa Bahari ya Shamu. Mwaka wa 1892 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Ali bin Said, alikubali kuikodisha Italia bandari za Benadir, yaani Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh. Na kabla karne haijaisha, kampuni iliyoundwa na matajiri wa Milano ikaanza kujishughulisha na utawala wa bandari hizo, mpaka mwaka wa 1905 serikali ya Italia ilipozinunua kabisa na kuzishika yenyewe. Barawa ni mji wa Chimwini, usemi ulio ndugu wa karibu wa Kiswahili. Kwa hiyo picha ya Afrika iliyo chini ya kuba la Milano haiko mbali na wasomaji wa Kiswahili kama ramani inavyodhani. Hapana ushahidi kwamba picha ile ilimtuma mtu yeyote kwenda Benadir, wala haipasi kuitwika dhambi isiyo yake. Lakini ni haki kusema kwamba ukuta ulikwisha kuizoesha hadhara kuiona Afrika kuwa pambo la mji kabla mji haujaiona kuwa mali.

Hivyo Galleria ina lugha mbili. Chini, katika umbo na sakafu, husema na mpitaji kama raia. Juu, katika mapambo, husema juu ya watu wasiokuwapo, na kusema juu ya mtu asiyekuwapo ni jambo lililo karibu sana na kumsengenya. Jengo hili ni bora zaidi linaponyamaza katika sakafu yake tupu kuliko linapohutubia kwa picha zake.

MAISHA YAKE

Jengo, tofauti na kitabu, huendelea kuandikwa baada ya mtunzi wake kuondoka. Mengoni aliondoka kwa namna ya kuhuzunisha. Lango kuu lenye umbo la tao la ushindi, linalotazama uwanja wa kanisa, lilikuwa karibu kumalizika, naye alipanda juu ya jukwaa la wajenzi kulikagua. Alianguka, akafa, tarehe 30 Desemba 1877. Wako waliosema aliteleza, na wako waliosema alijitupa kwa uchungu wa lawama zilizomwandama. Mfalme ambaye jina lake lilichongwa juu ya kazi hiyo alifariki siku kumi baadaye, tarehe 9 Januari 1878. Tao hilo ni zuri kwa kadiri yake, lakini ni sehemu yenye uhai mchache kuliko zote. Limeinuliwa ili litazamwe kutoka mbali, ilhali fadhila ya jengo zima ni kupitwa kwa karibu. Kwa Galleria, wahenga hawakukosea: nyumba ilikuwa njema miaka kumi kabla ya mlango.

Usiku wa miaka ya mwanzo ulikuwa na tamasha yake. Taa za kuba zilikuwa za gesi, nazo ziliwashwa kwa injini ndogo iliyopita juu ya reli kuzunguka kuba, ikigusa taa moja baada ya moja kwa moto wake. Watu wa Milano waliiita rattin, yaani panya mdogo, nao walikusanyika kila jioni kuitazama. Umeme ulipokuja, mji ukiwa na stesheni yake ya nguvu karibu na kanisa kuu tangu mwaka wa 1883, panya huyo hakuwa na kazi tena. Jambo la kukumbuka ni kwamba tamasha hiyo haikuwa na kiingilio. Umati ulisimama pale pale palipoachwa patupu, ukatazama juu, ukaenda zake.

Ushahidi wa namna nyingine umetolewa na mchoraji Umberto Boccioni katika picha yake ya mwaka wa 1910, Rissa in galleria, iliyopo sasa katika jumba la sanaa la Brera. Katika picha hiyo wanawake wawili wanapigana mbele ya mkahawa, na umati wa watu waliovaa vizuri unawakimbilia kwa mikono iliyoinuliwa, chini ya mwanga mkali wa taa za umeme. Boccioni angaliweza kuchora madirisha ya maduka na bidhaa zake. Akachora ugomvi. Alitambua kwamba katika duka ugomvi hutolewa nje upesi na wenye kazi, bali katika njia kila mtu huukimbilia, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kuuona. Hapana maelezo ya msanifu yanayoithibitisha tabia ya mahali hapo kuliko fujo ile.

Mwezi wa Agosti 1943 mabomu yaliyoangushwa katika vita yalivunja paa la kioo, na Galleria ikarudi kuwa njia iliyo wazi kwa mvua. Baada ya vita paa likajengwa tena, na mwaka wa 1955 kazi ikakamilika. Yafaa kuangalia kwamba kuta zilizobaki bila paa zilifanana na nyumba za njia yoyote ya mji. Bomu liliifichua siri ya Mengoni: palikuwa njia tangu mwanzo.

Biashara nayo haikulala. Mario Prada alifungua duka lake la bidhaa za ngozi humo mwaka wa 1913. Karne moja baadaye, katika mwaka wa 2012, mkahawa wa chakula cha haraka wa kampuni ya Marekani ulitoka katika pembenane baada ya miaka kama 20, na nafasi yake ikashikwa na Prada. Kabla ya maonyesho makubwa ya mwaka wa 2015 kuta zilisafishwa na kutengenezwa, na sehemu ya gharama ilichukuliwa na makampuni ya mavazi, Prada na Versace yakiwamo. Halmashauri huwataka wenye maduka waandike majina yao kwa herufi za dhahabu juu ya weusi, kiasi kwamba kila anayeuza, awe nani, sharti avae sare ya mji. Kanuni hii ni nzuri kwa macho. Lakini herufi zikifanana, kodi hazifanani na za zamani, na ni wazi kwamba mwenye mfuko mdogo hupata vitu vichache vya kununua chini ya paa lile kuliko alivyopata zamani.

HUKUMU

Sasa yaweza kurudiwa lawama ya wenye falsafa. Walter Benjamin, Mjerumani aliyeanza mwaka wa 1927 kukusanya maandishi juu ya njia za maduka za Paris, na aliyefariki mwaka wa 1940 kazi ikiwa haijakwisha, aliziona njia hizo kuwa nyumba za ndoto za karne ya mali, ambamo watu walitembea wakiwa macho na huku wamelala, wakitazama bidhaa kana kwamba bidhaa zina roho. Maneno yake ni ya kweli kwa njia alizozisoma, ambazo nyingi zilikuwa nyembamba, za watu binafsi, na katika zama zake zilikwisha kuchakaa. Lakini kosa lingekuwa kuyachukua kama kipimo cha kila njia iliyoezekwa. Burlington hufunga malango usiku. Galleria ina matao yasiyo na milango, na mtu asiye na senti aweza kuipita usiku wa manane kutoka kanisani mpaka La Scala, na mpaka Palazzo Marino, jumba la halmashauri lililoukabili uwanja ule ule. Njia inayounganisha mahali pa sala, mahali pa michezo na mahali pa utawala haiwezi kuitwa duka, hata kama kila mlango wake wa pembeni unauza.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzo ni kwamba Galleria ni njia, bali ni njia inayohitaji kulindwa. Kinachoilinda si dhahabu ya herufi wala vijiwe vya mabara. Vinavyoilinda ni vitu vitatu, na vyote vitatu si mapambo: sakafu iliyoachwa tupu katikati, matao yasiyofungwa, na hati inayosema kwamba mwenyewe ni mji. Kimoja kikiondolewa, viwili vilivyobaki havitatosha. Viti vya mikahawa vikiijaza pembenane mpaka mpitaji akose pa kusimama, uzuri wa kuba utabaki, lakini utakuwa uzuri wa dari ya duka. Malango yakitiwa, itakuwa Burlington kubwa. Hati ikiuzwa, raia atakuwa mgeni katika njia ya babu zake.

Mwanafunzi wa sanaa ya ujenzi hufundishwa kutazama kilichojengwa: nguzo, tao, kuba na nakshi. Galleria humfundisha kutazama pia kilichoachwa. Mengoni alijenga vingi, na vingine katika hivyo vimestahili lawama iliyotajwa hapa; lakini tendo lake lililo kubwa kuliko yote lilikuwa kuacha nafasi katikati ya tamaa, akaipa mwanga mwingi kuliko nafasi nyingine yoyote, kisha asiiwekee bei.